Kupima umaskini kwa hojaji: mwongozo kamili kwa anayefanya kazi Lamu

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS), ulikuta kwamba watu 28.5 katika kila 100 wa kaunti ya Lamu ni maskini. Nchi nzima ilikuwa 36.1, na wenzetu wa pwani, Kilifi, 46.4. Anayesoma jedwali hilo akiwa Nairobi ataona Lamu hawajambo. Lakini jedwali halimwambii kitu kuhusu tofauti ya Basuba na Langoni, wala ya Kiunga na Mpeketoni. Sampuli yenyewe haikupangwa kujibu swali hilo: kaya 24,000 nchi nzima, kumi kumi kutoka maeneo 2,400. Ukizigawa kwa kaunti 47, kisha ukataka kuzigawa tena kwa wadi, unabaki na kaya chache mno.

Ndiyo maana vikundi vya vijana, mashirika ya kijamii na hata ofisi za wadi hutaka kufanya hojaji yao. Ni jambo zuri, na linawezekana bila pesa nyingi. Ila wengi huanza kwa swali baya kuliko yote: "Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Mvuvi hana jibu la swali hilo. Leo kapata, kesho bahari imechafuka, na kesho kutwa analipa deni la mafuta ya boti. Anayeuza mahamri mlangoni kwake hajui faida yake, kwani unga wa biashara na unga wa nyumbani hutoka gunia moja. Umaskini kwetu hupimwa kwa kilicholiwa na kilichotumika, si kwa kilichoingia mfukoni. Lishike hilo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inatokana nalo.

Kwanza, angalia kilichopo

Kabla ya kuandika swali lolote, ingia kwenye tovuti ya KNBS utafute ripoti za umaskini na hojaji zilizotumika. Data yenyewe, ikiwa imeondolewa majina, huweza kuombwa kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Kuna utafiti wa 2005/06, ambao ulikuta umaskini wa asilimia 46.6 nchini, huo wa 2015/16, na tafiti za kila mwaka zilizofuata tangu 2019. Ripoti ya mwaka 2022 iliweka umaskini wa taifa kwenye asilimia 39.8.

Chukua hojaji yao, soma sehemu ya chakula na ya matumizi, kisha nakili maswali utakayoyahitaji, neno kwa neno inapowezekana. Si uvivu. Ukiuliza kwa namna yako, matokeo yako hayatalinganishwa na yao, na tarakimu isiyolinganishwa na kitu haimsaidii mtu. Tanzania walilifanyia hili jaribio mwaka 2007 na 2008: kaya 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, kila kundi likaulizwa matumizi kwa mtindo tofauti. Wengine waliandika daftari kila siku, wengine waliulizwa kwa kukumbuka, wengine kwa orodha ndefu, wengine kwa orodha fupi. Nchi ni moja, wakati ni mmoja, lakini viwango vya umaskini vilitofautiana kwa mbali. Swali lenyewe ni sehemu ya kipimo.

Amua unatafuta nini

Zipo njia tatu, na uwezo wako ndio utakaokuchagulia.

Ya kwanza ni hojaji kamili ya matumizi. Inachukua saa moja na nusu au zaidi kwa kaya, inachosha, na inahitaji wadadisi waliofunzwa sawasawa. Ndiyo inayotoa jibu la shilingi.

Ya pili ni maswali kumi ya kukisia, yanayojulikana kama PPI. Yalitengenezwa kwa kuchambua tafiti za kitaifa na kutafuta mambo machache ambayo ni rahisi kuyaona au kuyajibu na yanayoendana sana na umaskini. Kila jibu lina alama, unazijumlisha, na jedwali linakuambia uwezekano wa kaya hiyo kuwa chini ya mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini. Dakika kumi umemaliza. Tahadhari yake ni moja: ule ni uwezekano, si hukumu. Kaya yenye uwezekano wa asilimia 60 haijatangazwa kuwa maskini. Unachofanya ni kuchukua wastani wa uwezekano wa kaya zako zote, na wastani huo ndio makisio ya umaskini wa eneo lako. Anayetumia alama hizo kumnyima Bi fulani unga amekitumia kifaa vibaya.

Ya tatu huacha shilingi kando na kuangalia mapungufu: afya, elimu na hali ya maisha. Mfumo unaotumiwa zaidi duniani ulitolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2010. Una viashiria kumi, na anayekosa theluthi moja au zaidi ya uzito wa viashiria hivyo huhesabiwa maskini. Kwa Lamu njia hii ina uzito, kwa sababu kuna vijiji ambavyo pesa ipo ya kutosha kula lakini maji salama hayapo. Ukiitumia, hakikisha majibu ya swali la maji yana nafasi ya jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua. Wadadisi kutoka bara hawalijui jabia, wataliandika kisima, na tayari umepotosha.

Kama hii ni mara yako ya kwanza, fanya maswali kumi kwa kaya zote na hojaji kamili kwa sehemu ndogo tu.

Vibali

Hapa sitakaa sana. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kisha barua kwa ofisi ya kamishna wa kaunti, kisha chifu na naibu wake, kisha mzee wa mtaa. Usiruke ngazi. Kwa vijiji vya Waboni (Waaweer) ndani ya msitu, ulizia hali ya usalama kabla ya kupanga safari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ninyi ni vijana sita na simu tatu: mtu aelezwe unachukua nini na kwa nini, akubali mwenyewe, na awe na haki ya kukataa.

Kuchagua kaya

Hapa ndipo hojaji nyingi za vikundi hufa. Mdadisi anashuka gatini, anahoji walio barazani, anahoji jamaa zake, anamaliza. Waliokaa barazani mchana ni wazee na wasio na kazi siku hiyo. Hao si kijiji.

Anza kwa kuorodhesha. Pita eneo zima, andika kila kaya. Na kaya si nyumba: ni watu wanaokula chungu kimoja. Katika nyumba ya mawe ya Amu (mji wa Lamu) unaweza kukuta ndugu watatu wameoa, kila mmoja ghorofa yake na jiko lake. Hizo ni kaya tatu nyuma ya mlango mmoja. Usipopanda ngazi, umezikosa mbili. Huko Hindi na Witu kosa huwa kinyume chake: kibanda cha makuti mwisho wa shamba kinaachwa kwa sababu hakionekani kutoka barabarani.

Tuseme umeorodhesha kaya 80 na unataka 10. Gawanya, unapata 8. Weka karatasi zenye namba 1 hadi 8 kwenye kofia, mtoto achomoe moja. Ikitoka 5, utahoji kaya ya 5, ya 13, ya 21, hivyo hivyo hadi ya 77. Basi. Ukikuta mlango umefungwa, usiende kwa jirani. Rudi jioni, rudi kesho, rudi mara ya tatu. Wasiopatikana nyumbani mara nyingi wana maisha yao tofauti: mama yuko shambani, baba yuko dago (kambi ya wavuvi) na hatarudi hadi mwisho wa bamvua. Ukiwabadilisha na walio karibu, unawafuta kwenye hesabu.

Kaya ngapi zinatosha? Kama umaskini halisi uko karibu na asilimia 30 na umechagua kaya 400 kwa bahati nasibu kamili, jibu lako litakuwa ndani ya pointi nne na nusu juu au chini, mara 95 katika 100. Lakini wewe unahoji kumi kumi kwa kijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana. Kwa hiyo zile 400 zina nguvu ya kama 200, na upana unafika pointi sita hivi kila upande. Kikundi chenye kaya 60 kinaweza kujifunza mengi, ila kisitangaze asilimia.

Msimu

KNBS waligawanya utafiti wa 2015/16 kwenye miezi kumi na miwili, na kuna sababu. Kwetu sababu hiyo inavuma: ni upepo. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, mashua ndogo hazitoki, na nyumba ya mvuvi inakula kwa mkopo wa dukani. Kaskazi ikiingia bahari inatulia, samaki wanapatikana, na wageni wanajaa Shela. Kijiji kile kile kitakupa majibu mawili. Kama huna pesa za mwaka mzima, hoji nusu ya kaya katika kusi na nusu katika kaskazi, ukizichagua kwa bahati nasibu na si kwa urahisi wa boti.

Epuka pia mwezi wa Ramadhani na wiki ya Maulidi, isipokuwa utafiti wako unahusu hayo. Futari na wageni hupandisha matumizi, na swali la "wiki iliyopita" linakuwa halina maana ya wiki ya kawaida.

Swali la chakula

Uliza siku saba zilizopita, bidhaa moja moja: mchele, unga wa mahindi, unga wa ngano, nazi, samaki, maharagwe, mbaazi, sukari, mafuta, na kuendelea. Kwa kila bidhaa kuna maswali matatu ambayo mdadisi asiyefunzwa hufupisha kuwa moja: kilichonunuliwa, kilichotoka kwa kazi yenu wenyewe, na kilichopewa. Tazama mazungumzo haya ya Kizingitini, ya mfano tu:

"Bi mkubwa, tangu Jumatano iliyopita hadi jana, humu ndani mmekula samaki?"

"Samaki hatukununua."

Mdadisi mvivu huandika sifuri na kwenda kwenye maharagwe. Mdadisi mzuri anarudi:

"Hamkununua, lakini mmekula?"

"Tumekula kila siku, mwanangu. Ni kitoweo cha baba yao."

"Siku ya kawaida analeta wangapi?"

"Huleta tengesi wawili, watatu. Jana kaleta wawili, mmoja nikampa jirani."

Sasa kuna kazi: samaki wawili na nusu kwa siku, siku saba, wa ukubwa gani, na jana mmoja katolewa. Samaki hao wakipigwa bei ya pale pale kijijini, kaya iliyokuwa inaonekana haili kitu inapanda. Ukisahau kitoweo hiki kisichonunuliwa huko Pate na Kiwayu, na ukakumbuka kila kitu Amu ambako watu hununua, utatangaza kwamba visiwa vya mbali vina njaa kuliko vilivyo. Kinyume chake nacho hutokea: anayepewa wali na jirani siku nne kwa wiki anakula, ila anakula kwa hisani. Ndiyo maana safu ya "kilichopewa" iandikwe peke yake.

Vipimo ni shida ya pili. Watu hununua kwa fungu, kopo, kibaba na pishi, si kwa gramu. Pishi ni vibaba vinne, hilo linajulikana, lakini fungu la nyanya la Mokowe si fungu la Faza. Nenda sokoni na mizani, nunua fungu tatu au nne kila kijiji, pima, andika wastani. Piga picha fungu na kopo ili mdadisi amwonyeshe mwenye nyumba: "Lilikuwa kama hili?" Andika na bei. Bei hizi utazihitaji baadaye, kwa sababu shilingi mia ya Mpeketoni na shilingi mia ya Kiunga hazinunui kiasi kimoja. Kila kitu cha dukani kilichovuka maji kimelipiwa nauli.

Mwulize anayepika. Ila naye hajui kila kitu: hajui mzee alikunywa chai na viazi karai mkahawani, wala muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) ulimgharimu kiasi gani. Kwa hiyo matumizi ya nje ya nyumba uliza kila mtu mzima, kando. Mambo ya muguka na sigara, mwanamume huyasema zaidi mkewe asipokuwa karibu.

Yasiyo chakula

Kwa sabuni, mafuta ya taa, nauli na vocha uliza mwezi uliopita. Kwa karo, nguo, mazishi na harusi uliza mwaka. Boti, mashine na nyavu usizihesabu kama matumizi, hizo ni za kazi.

Nyumba inahitaji akili. Anayepanga ana kodi inayojulikana, lakini aliyerithi hana. Kukadiria kodi ya nyumba ya mawe ya Mkomani kwa bei ya wageni kutamfanya mjane anayeishi humo, paa likivuja na warithi kumi wakigombana, aonekane tajiri. Uliza watu wa mtaa huo wanalipana kiasi gani wao kwa wao. Na ukitumia kuta za nyumba kama ishara ya utajiri, ujue mawe ya Amu yanaonyesha babu alikuwa nani, hayaonyeshi mjukuu anakula nini.

Siku ya kazi

Wadadisi wajue lugha ya mlango wanaobisha. Kibajuni Faza, Kiorma kwa wafugaji, Kiaweer msituni, Kikuyu Hongwe na Mpeketoni. Kiswahili sanifu kitawafikisha, ila majibu marefu huja kwa lugha ya nyumbani. Wawepo wanawake wa kutosha. Mwanamume mgeni hataruhusiwa kukaa ndani na mwanamke peke yake, na hapaswi kuomba.

Fomu ziwe kwenye simu. KoboToolbox, programu ya hojaji, inaweza kutumika bure na fomu zake hujazwa bila mtandao, ukapakia data ukifika penye mnara. Weka vizuizi: fomu ikatae umri wa miaka 200, na iulize tena kama kaya ya watu wanane imekula kilo moja ya mchele kwa wiki.

Mara utakapofika kijijini utasikia neno msaada. Wazee wengi wanapokea Inua Jamii, pesa za msaada za serikali, na kila anayekuja na orodha anadhaniwa anaandikisha. Sema mapema, barazani na tena mlangoni: "Hatuandikishi msaada, hatupeleki majina popote, jibu lako halitakuongezea wala kukupunguzia kitu." Wengine watapunguza hata hivyo. Wengine wataongeza kwa heshima, hasa majirani wakiwa wamesimama wanasikiliza. Omba faragha kwa upole.

Msimamizi arudie kaya moja katika kumi, aulize maswali matano yale yale. Hojaji kamili zote za mdadisi mmoja zikimalizika kwa dakika kumi na mbili kila moja, zile zimejazwa chini ya mwembe.

Hesabu

Kwanza, watu hawali sawa. Kipimo kinachotumika Kenya humhesabu mtoto wa miaka 0 hadi 4 kama 0.24 ya mtu mzima, wa 5 hadi 14 kama 0.65, na wa 15 kwenda juu kama 1. Chukua kaya ya baba, mama, bibi, watoto wa miaka 12 na 8, na mdogo wa miaka 3. Ni 3, jumlisha 1.3, jumlisha 0.24: jumla 4.54. Tuseme matumizi yao ya mwezi ni shilingi 17,000. Gawanya kwa 4.54, unapata 3,744.

Mstari wa umaskini wa 2015/16 ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima vijijini na 5,995 mijini. Kwa bei za wakati ule, kaya hii iko juu ya mstari wa vijijini. Kama ungegawanya kwa vichwa sita, ungepata 2,833 na kuiita maskini. Data ni ile ile. Kwa kazi ya leo, tumia mstari wa karibuni uliotangazwa na uupandishe kwa kadiri bei zilivyopanda, kwa bei ulizokusanya mwenyewe kama unazo. Mstari wa chakula pekee uko chini zaidi. Umejengwa juu ya kilokalori 2,250 kwa mtu mzima kwa siku. Ule mstari wa kimataifa wa dola kwa siku, ambao Benki ya Dunia iliupandisha kutoka 2.15 hadi 3.00 Juni 2025, waachie wanaolinganisha nchi.

Kisha uzito. Tuseme umehoji kaya kumi katika mji wenye kaya 2,000 na kumi katika kijiji chenye kaya 100. Mjini tatu ni maskini, kijijini nane. Ukijumlisha tu, unapata 11 katika 20, yaani asilimia 55. Lakini kila kaya ya mjini inasimama kwa 200 na ya kijijini kwa 10. Ukihesabu hivyo unapata 680 katika 2,100, asilimia 32. Halafu zidisha kwa idadi ya watu ndani ya kila kaya, kwani tunahesabu watu maskini na si milango.

Mwisho, usiishie kwenye asilimia. Mwenye 3,100 na mwenye 1,600 wote wako chini ya 3,252, na hesabu ya vichwa inawaweka sawa. Wa kwanza anapungukiwa na asilimia 5 ya mstari, wa pili na 51. Kipimo cha pengo, kilichoandikwa na Foster, Greer na Thorbecke mwaka 1984, huchukua wastani wa mapungufu hayo kwa watu wote, wasio maskini wakihesabiwa sifuri. Kwa anayepanga bajeti ya kaunti, pengo ndilo linalomwambia pesa ngapi zinahitajika.

Kurudisha matokeo

Yarudishe kijijini kabla ya kuyapeleka kwa gavana. Soma barazani, sikiliza wanaopinga, kwani mara nyingi wanajua bidhaa uliyoisahau. Andika upana, si tarakimu moja: "kati ya 26 na 38 katika kila 100". Usipange vijiji kwa cheo kama kila kimoja kina kaya kumi tu. Kaya mbili zikibadilika, wa kwanza anakuwa wa tatu. Na kabla ya kumpa mtu yeyote faili, ondoa majina, namba za simu na alama za ramani. Katika kijiji chenye kaya arobaini, hata "mjane, miaka 62, watoto saba" inatosha kumtaja mtu, kwa hiyo safu ya umri iwe ya makundi na jina la kijiji lifichwe ndani ya jina la wadi.